Nguo za Mpanda Farasi Katika Nchi Isiyo na Farasi

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na bara kwa pande tatu: Likoni upande wa kusini, Changamwe upande wa magharibi, na Kisauni upande wa kaskazini. Msomaji akizitembelea pande hizo tangu asubuhi hata jioni ataona punda wakivuta mikokoteni, ataona ngamia wakiwabeba watalii ufukoni pa Bamburi, na pikipiki ataziona kwa mamia. Lakini farasi ni nadra kumwona. Hata hivyo, wanaume wengi atakaokutana nao njiani wamevaa vazi lililobuniwa kwa ajili ya kupanda farasi, yaani suruali. Jambo hili lina historia yake, na katika historia hiyo mna faida kwa mtu wa leo.

Suruali za kale kabisa zijulikanazo zilifukuliwa katika makaburi ya Yanghai, karibu na Turfan, magharibi mwa China. Ni za sufu, na umri wake wakisiwa kuwa miaka 3,000 hivi. Kati ya miguu miwili mlitiwa kipande kipana cha kitambaa, ili mpandaji aweze kutanua mapaja bila kuchubuka wala kupasua nguo. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, wasemao sirwal, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi, watu waliosifika tangu zamani kwa farasi wao.

Basi pwani yetu ilikuwaje wakati huo? Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita huku mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu alipewa nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni, akaandika kwamba huvaliwa badala ya suruali, kwa kuwa watu wa huko hawakuijua suruali. Kisha akafika Mombasa, akalala usiku mmoja. Aliwasifu watu wake kwa uchaji wao, na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, akaona pia ya kuwa wote hutembea miguu mitupu. Mlangoni pa msikiti palikuwa na kisima. Mtu aliosha miguu yake, akaisugua katika mkeka mnene, ndipo akaingia.

Mtu asidhani kwamba hayo yalitokana na unyonge. Nguo ya kujifunga, ambayo leo twaiita kikoi, hupitisha upepo katika nchi ya joto, hukauka upesi, na mvuvi huipandisha magotini akaingia majini. Suruali na buti vingalikuwa vya kazi gani kwa mtu asiye na farasi? Na farasi hakukaa huku kwa sababu ya maradhi. Ndorobo humwambukiza nagana, na visubi vidogo vya usiku humletea ugonjwa mwingine wa kuua haraka. Vilima vya Shimba, ambavyo vi kusini-magharibi mwa Likoni, vimejulikana tangu zamani kuwa makao ya ndorobo.

Ushahidi mkubwa ulionekana wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1916 askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini waliteremka Kilindini, wakapita Changamwe kwa gari la moshi wakielekea Voi na mpaka wa Taveta. Walivaa suruali zilizopanuka mapajani na kubana magotini, na miguu yao ilikingwa. Walipokwenda mbali mpaka Kondoa Irangi, chini ya Jenerali van Deventer, farasi wao walikufa kwa wingi sana, na wapanda farasi wengi wakawa watu wa kwenda kwa miguu. Wapagazi Waafrika, wasio na buti wala farasi, ndio waliobeba mizigo ya vita ile, na wengi wao hawakurudi makwao.

Sasa na tuyatazame mavazi yenyewe, maana hakuna mshono uliotiwa bure. Buti la mpanda farasi hufika karibu na goti ili ukanda wa kikuku usimchune muundi wa mguu. Kisigino chake huzuia mguu usipenye katika kikuku. Kwa maana mtu akianguka huku mguu umenasa, farasi humburuta mpaka afe. Suruali nayo haina mshono mnene ndani ya goti, mahali panaposuguana na tandiko. Upana wa mapajani ulikuwa wa lazima zamani kwa kuwa kitambaa hakikuvutika, na mtu alihitaji nafasi ya kukunja mguu.

Mtindo wa suruali iliyopanuka juu na kubana toka gotini hadi kifundo cha mguu ulitoka Jodhpur, huko Bara Hindi. Husimuliwa kwamba Sir Pratap Singh ndiye aliyeufikisha Uingereza mwaka 1897, alipohudhuria sherehe za Malkia Victoria. Baadaye, mwaka 1958, nyuzi zinazovutika kama mpira zilivumbuliwa Marekani, na katika miaka iliyofuata upana ule ukatoweka. Wapanda farasi wa siku hizi, kama wale wa uwanja wa Ngong, Nairobi, huvaa suruali iliyokaza mwilini pote, nayo haiwazuii kukunja goti.

Buti nalo lilishuka kutoka juu ya farasi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Duke wa Wellington aliagiza kwa fundi wake wa London buti la ngozi lililo jepesi kuliko yale ya wapanda farasi wa siku zake. Katika miaka ya 1850 viwanda vya Ufaransa vilianza kulitengeneza kwa mpira, na wakulima wakalipenda kwa sababu halipitishi maji. Ndilo buti la mpira wanalolivaa leo wakamuaji wa ng'ombe wa Kisauni na wasafisha mifereji wa Likoni. Humkinga mtu na safura, ambayo minyoo yake hupenya katika nyayo zinapokanyaga udongo wenye uchafu.

Suruali nayo imefanya makao Changamwe. Baada ya mwaka 2000, Marekani ilipoondoa ushuru kwa nguo zitokazo nchi kadhaa za Afrika, viwanda vya ushonaji viliongezeka upande wa Changamwe na Mikindani, na maelfu ya mikono ikashona suruali za kuuzwa ng'ambo. Pwani ambayo Ibn Battuta aliiona haina suruali imekuwa fundi wa kuwashonea wengine!

Lakini jambo la kutufaa zaidi liko pale Likoni, mahali wanapongoja abiria waendesha bodaboda. Hao ndio wapanda farasi wa zama zetu, tangu pikipiki zilipopungua bei baada ya serikali kuziondolea kodi mwaka 2008. Wengi wao huendesha wakiwa na kandambili miguuni na kaptula magotini. Bomba la moshi huunguza shavu la mguu, lami huchuna ngozi mtu aangukapo, na kidole cha mguu hakina kinga mbele ya jiwe. Abiria mwanamke huketi upande mmoja na buibui lake likipeperuka karibu na gurudumu, ambalo laweza kulinyakua ghafula.

Mambo hayo wapanda farasi wa kale waliyajua: funika muundi, kaza nguo isining'inie, vaa kiatu chenye kisigino kisichoteleza. Buti la mitumba lapatikana katika soko la Kongowea kwa bei ambayo kijana mwenye kuweka akiba kidogo kidogo aweza kuimudu, na kwa hakika ni rahisi kuliko kulala hospitali mwezi mzima bila kipato.

Kikoi ni vazi la heshima, na kitakaa. Ajifungaye kikoi akienda msikitini au akipumzika barazani hajapungukiwa na neno. Wazee wetu walivaa kama nchi na kazi yao ilivyotaka, na ndiyo sababu hawakuvaa suruali. Ikiwa kazi ya kijana wa leo ni kupanda chombo kinachokimbia kuliko farasi, basi kufuata desturi ya wazee hao ni kuvaa buti.