Sura za Pembeni

Nikiri mapema: filamu za Sherlock Holmes za Basil Rathbone na Nigel Bruce siziangalii tena ili nimjue muuaji. Zipo 14, zilitoka kati ya 1939 na 1946, na muuaji wa kila moja nimeshamjua zamani. Ninawafuata wale wa pembeni.

Yupo Dennis Hoey, Inspekta Lestrade, anayeingia kwa kujiamini na kutoka hajaelewa kitu. Yupo Mary Gordon, Bi. Hudson: dakika mbili tu, na nyumba inakuwa nyumba. Halafu Henry Daniell. Mwaka 1942 alikuwa mkubwa serikalini, 1943 jambazi, 1945 ndiye Moriarty mwenyewe, na wala hakuna anayeuliza. Ukishaangalia tatu nne, unawapokea kama majirani: "Ah, kumbe na wewe umo!"

Lakini yupo mmoja anayeninyima raha. Katika The Pearl of Death (1944) kuna muuaji anayevunja watu mgongo, anaitwa Creeper. Tunaona kivuli tu. Uso unafichwa hadi karibu na mwisho. Na ule uso haukutengenezwa. Rondo Hatton alikuwa na akromegali, ugonjwa wa homoni unaokuza mifupa ya uso na mikono, na studio ya Universal ikaugeuza kuwa kitisho. Mara ya kwanza nilishtuka, nikacheka, nikaendelea na chai yangu.

Baadaye nikasoma kwamba kabla ya filamu Hatton alikuwa mwandishi wa habari kule Tampa, Florida. Mwenzangu wa kazi, jamani. Alifariki Februari 1946, ana miaka 51.

Hapo nikakumbuka jambo langu. Nikiwa mgeni chumba cha habari, niliandika kuhusu mlinzi aliyeokoa watoto wawili kwenye mafuriko. Sentensi ya kwanza ilikuwa kovu lake la usoni. Mhariri akanipongeza: "Hapo umemnasa msomaji." Kesho yake mzee akapiga simu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, mbona hukuanza na wale watoto?"

Sikuwa na jibu. Nilisema shikamoo mara ya pili, basi.

Filamu ile bado naiangalia, siwezi kuwadanganya. Ila uso ukifika, sicheki tena. Namtazama Hatton anavyotembea, polepole, na najiuliza yeye angeiandikaje habari ya mtu kama yeye. Nadhani angeanza na jina.