Haki ya Njia na Haki ya Mwenye Ardhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akatuwezesha kutembea juu yake. Ndugu msomaji, leo sikukusudia kukueleza hukumu za udhu wala za saumu. Nataka kukusimulia safari ya miguu niliyoifanya ugenini nikiwa na umri wa miaka sitini na minne, na namna safari hiyo ilivyonirudisha kwa ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa hatusemezani.

Sharti nianze kwa kukiri kosa langu. Marehemu baba yetu alituachia shamba la minazi nje kidogo ya mji wa Tanga. Lilipogawanywa kwa sheria ya mirathi, ujia wa siku nyingi, ambao watu huupita kwenda msikitini na kisimani, uliangukia wote katika fungu la mdogo wangu. Yeye akataka kuufunga apate kujenga nyumba. Mimi, kwa kuwa ni mkubwa na ni mwalimu, nilisimama baada ya sala ya Ijumaa nikatangaza mbele za watu kwamba ujia ule tumeutoa sadaka, na asiyeridhika na amche Mungu. Watu wakanishukuru na kuniombea dua. Mdogo wangu akatoka kimya, na tangu siku ile akiniona upande huu wa barabara hushika upande wa pili.

Basi mwaka huo, mwezi wa Oktoba, nilikwenda Marekani kumzuru mwanangu anayeishi Columbia, katika jimbo la Missouri. Akaniambia, "Baba, hapa ipo njia ya reli isiyo na reli. Watu huipita kwa miguu na kwa baiskeli. Twende tukatembee kidogo." Kidogo chake kilikuwa siku sita na kilomita zipatazo 112, kutoka mji mdogo wa Windsor mpaka Rocheport.

Njia yenyewe huitwa Katy Trail. Jina la Katy limetokana na herufi K na T katika jina la kampuni ya reli ya Missouri, Kansas na Texas, ambayo treni zake zilipita hapo. Mwaka 1986 mafuriko ya mto Missouri yaliiharibu reli, na kampuni ikaona hakuna faida ya kuitengeneza, ikaiacha. Vyuma na mataruma vikang'olewa, ukabaki mgongo wa udongo tu. Leo mgongo huo umemwagiwa kokoto laini za mawe ya chokaa zikashindiliwa, na njia inakwenda kwa urefu wa kilomita 386 hivi, kutoka Clinton hadi Machens, karibu na mji wa St. Louis.

Siku ya kwanza niliogopa magoti yangu. Lakini treni, ndugu msomaji, haiwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo wajenzi wa reli hukata kilima na kujaza bonde, mpaka njia ikawa karibu sawa kama mkeka. Waliyatenda hayo kwa ajili ya mashine, wala hawakumfikiria mzee wa Tanga mwenye fimbo, lakini manufaa yake yalinifikia mimi. Kando ya njia tuliviona vibao vya kuhesabia maili, na hesabu yake ni ileile ya zamani ya reli.

Siku mbili za mwanzo, kutoka Windsor kupita Green Ridge mpaka Sedalia, tulitembea katika nchi ya wazi, mashamba na mbuga za nyasi. Karibu na Windsor ndipo mahali pa juu kabisa katika njia yote, nako ni kama mita 291 tu juu ya usawa wa bahari. Nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya dhahabu na nyekundu, nyingine zikinipita kimo, na upepo ulipovuma zililala zote pamoja kama safu za wanaorukuu. Mwanangu akanieleza kwamba zamani mbuga za namna hii zilienea sehemu kubwa ya jimbo lile, na sasa hazikubaki hata asilimia moja, kwani plau imezigeuza mashamba. Kandokando ya reli za kale, mahali plau isipofika, mara nyingi ndipo majani ya asili yalipookoka. Nikatafakari sana: ukanda mwembamba ambao haukuwa mali ya mkulima yeyote umehifadhi kile kilichopotea katika mashamba mapana.

Baada ya Sedalia tuliingia mwituni. Mialoni na miti mingine ilikutana juu ya vichwa vyetu, majani yakianguka mekundu na manjano, na paa wenye mikia myeupe wakaruka mbele yetu wakapotea. Tulivuka vijito juu ya madaraja ya kale ya treni. Usiku wa siku ya tatu tulilala katika hema, baridi ikiniuma mifupa, na alfajiri tukasali tukielekea kaskazini mashariki, mimi niliyezoea tangu utoto kuelekea kaskazini.

Siku ya tano, baada ya kuondoka Pilot Grove kuelekea Boonville, tulimkuta mzee mmoja mkulima ameketi juu ya ukuta wa daraja, akapenda kujua tunatoka wapi. Nilipomwambia kwamba nimezaliwa Tanga, mahali ambapo ujenzi wa reli ulianza mwaka 1893, alicheka, akasema nitakapofika Rocheport nitaliona handaki la treni la mwaka huohuo. Kisha nikamsifu kwa njia hii nzuri waliyoitoa watu wa nchi yake. Uso wake ukabadilika.

Akasema, "Sisi hatukuitoa. Babu zetu waliwapa wenye reli ruhusa ya kupitisha treni. Treni ilipokoma, tulidhani ardhi imerudi kwetu. Mimi njia siichukii. Wajukuu wangu huendesha baiskeli hapa. Nilichokichukia ni kusifiwa kwa kutoa kitu ambacho sikuulizwa."

Mwanangu alikuwa akinifasiria maneno hayo, na kila neno lilinichoma, kwani nilihisi ni mdogo wangu anayesema.

Jioni ile, huko Boonville, mwanangu alinieleza mambo yalivyokuwa. Mwaka 1983 Bunge la Marekani lilitunga sheria kwamba reli ikiachwa, mkuza wake unaweza kuhifadhiwa mzima uwe njia ya wapita kwa miguu, na siku treni ikihitajika tena irudi mahali pake. Maana yake ni wazi: njia ikikatwa hapa kipande na pale kipande, vipande hivyo si njia tena, na kuiunganisha upya ni kazi isiyowezekana. Tajiri mmoja wa Missouri, Ted Jones, na mkewe Pat, walitoa katika mali yao zaidi ya dola milioni mbili ili ukanda huu ununuliwe na utengenezwe, na kipande cha kwanza kikafunguliwa Rocheport mwaka 1990.

Lakini wenye mashamba wengi walipinga wakaenda mahakamani. Mwaka huohuo wa 1990 Mahakama ya Juu ya nchi ile, katika kesi iliyotoka jimbo la Vermont, ilihukumu kwamba sheria ni sahihi na njia itabaki; na ikasema vilevile kwamba mwenye ardhi aliyenyimwa haki yake anayo ruhusa ya kwenda kuidai serikali fidia. Njia ina haki, na mwenye ardhi naye ana haki. Haki moja haifutwi kwa kuitaja nyingine.

Ndugu msomaji, usiku huo sikupata usingizi. Mimi nimewasomesha vijana miaka arobaini kwamba Mtume (s.a.w.) alihimiza kuondoa udhia njiani, na kwamba watu walipogombana juu ya upana wa njia alihukumu iwe dhiraa saba. Hayo niliyakumbuka siku ile ya Ijumaa. Nikasahau kwamba yeye yeye alituonya vikali juu ya kuchukua ardhi ya mtu bila ya haki, ijapokuwa ni shibiri moja. Ted Jones alitoa mali yake. Mimi nilitoa ya mdogo wangu, na shukrani nikazipokea mwenyewe.

Siku ya sita tuliliona daraja la chuma la mwaka 1932 ambalo treni zilivukia mto Missouri, lenye kipande cha kati cha kuinuliwa ili vyombo vipite chini yake. Tukatembea chini ya majabali meupe ya chokaa, mto ukiwa si mbali, mpaka tukafika kwenye lile handaki la Rocheport. Urefu wake si zaidi ya mita 75, lakini ndani kuna giza na ubaridi, na mwisho wake unauona tangu unapoingia. Nilisimama humo nikamwomba Mungu msamaha. Tulipotoka nilimwambia mwanangu ampigie simu baba yake mdogo.

Alipopokea akasema, "Shikamoo kaka." Baada ya miaka miwili, hakuacha kuniamkia. Machozi yalinitoka, nikashindwa hata kuitikia marahaba kama inavyopasa.

Niliporudi Tanga nilikwenda kwake kabla ya kwenda kokote. Nikamwambia kwamba ujia nakuomba ubaki, lakini si kwa hasara yako. Tukaupima, tukaupa upana wa dhiraa saba, na nikamkatia katika fungu langu eneo lililo sawa na lile, upande wa barabarani ambako angeweza kujenga. Akalipokea. Kisha akaniambia kwa upole, "Kaka, ardhi umenirudishia. Yale uliyoyasema msikitini bado."

Alisema kweli. Ijumaa iliyofuata nilisimama mahali palepale, mbele ya watu walewale, nikawaambia kwamba aliyewapa njia ni mdogo wangu, ameitoa leo kwa ridhaa yake, na kwamba siku ile niliisemea mali isiyokuwa yangu. Haikuwa rahisi, kwani mwalimu hupenda kusahihisha kuliko kusahihishwa.

Basi enyi wazazi na wakubwa wa nyumba, tazameni yale mnayoyatoa kwa jina la kheri. Tusizifunge njia za watu, wala tusizifungue kwa mali ya mwingine tukajiita wakarimu. Anayetaka thawabu ya njia na aitoe katika fungu lake, au amridhishe mwenyewe kwanza.

Wabillahi tawfiq.