Unga wa Msimu

Kanoni, Karagwe
Julai

Mwanangu Asimwe,

Kiangazi chetu, ekyanda, kimeshika: asubuhi tunaota moto, mchana vumbi linatufuata hadi jikoni. Kahawa tunachuma. Baba yako anakohoa na shamba haachi. Kaka yangu huyo hashauriki tangu utoto.

Nimesoma barua yako kuhusu kliniki ya Kichina unayokwenda huko Dar. Wanasema kila kiungo kina msimu wake: ini miti ikichipua, moyo wakati wa joto, mapafu majani yakipukutika, figo kwenye baridi kali. Na sasa eti ni zamu ya moyo, umepewa unga wa kunywa. Mwanangu, hiyo ni kalenda ya nchi yenye theluji. Wao wenyewe hufundisha kwamba ukavu huumiza mapafu. Basi kwa hesabu yao hiyohiyo, Kanoni sasa ni zamu ya mapafu. Muulize baba yako.

Siwadharau. Malaria iliponiangusha baada ya masika, niliinuliwa na dawa ya mseto, nayo asili yake ni hukohuko Uchina. Mama Tu Youyou alikuta katika kitabu cha zaidi ya miaka 1,600 kwamba mmea wa dawa hiyo huloweshwa tu. Hakuishia kuamini kitabu: alijaribu, akapima, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Unga wako umepimwa na nani?

Miaka ya mwanzo ya 1990, kule Ubelgiji, wanawake walikunywa vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina. Ndani mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Figo zao zikafa, wengine wakaishia kusafishwa damu kwa mashine. Figo huharibika kimyakimya, Asimwe. Miguu ikianza kuvimba huenda umeshachelewa.

Kulala mapema na kula chakula cha moto walivyokuambia, endelea. Unga uache kwanza. Uliza jina la kila mmea uliomo, na kama mganga wa kliniki hiyo amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kisha uubebe unga huo uende nao hospitali, upime presha, sukari na figo.

Maharage mapya nitayatuma kwa basi. Majibu ya vipimo nipigie mimi kwanza, mama yako asije akaanza kulia kabla hajaelewa.

Shangazi yako