Ploti Hakuna Leparua

Mke wangu alipopata kazi ya uuguzi Isiolo, jirani zetu wa Kitengela hawakuuliza mshahara. Waliuliza mtakaa wapi na watoto. Ndilo swali la watu waliokwisha kuhama mara moja wakaonja gharama yake, na Kitengela ni mji wa watu hao: waliochoshwa na kodi za Nairobi, na wafanyakazi wa viwanda vya Athi River waliotaka kulala karibu na kazi. Kila mzazi pale ana orodha yake kichwani. Maji ya mfereji huja siku ngapi kwa wiki? Basi la shule hufika getini? Ploti ina hati, au muuzaji ana maneno tu?

Orodha hiyo niliibeba nzima nzima hadi kaskazini.

Tulitoka alfajiri. Thika, Sagana, Karatina na Nanyuki zilipita bila la kusimulia, isipokuwa kitinda mimba wetu kutapika mara mbili. Baada ya Nanyuki barabara hupanda katikati ya mashamba ya ngano ya Timau, na baridi ya Mlima Kenya huingia garini hata madirisha yakiwa yamefungwa. Upande huo lami inapita juu ya njia ya ndovu: kivuko cha chini kwa chini kilichofunguliwa mwanzoni mwa 2011 ili ndovu washuke kutoka mlimani hadi msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa bila kukutana na malori. Watoto walidai tusimame. Dereva wa matatu alijifanya hakusikia. Kutoka makutano ya Subuiga gari linateremka hadi masikio yanaziba, na kufika Isiolo sweta zote zilikuwa chini ya viti.

Isiolo ni mji ulioahidiwa makubwa. Dira ya 2030 inautaja kama jiji la kitalii la baadaye. Ukanda wa usafiri wa LAPSSET, ule wa kutoka bandari ya Lamu, umechorwa kupitia hapa. Uwanja wa ndege uliopanuliwa ulifunguliwa 2017, na lami ya kwenda Moyale imewaondolea abiria vumbi na usiku wa kulala njiani. Kwa sasa lakini bado ni mji ambao ngamia wana haki sawa na bodaboda barabarani, na sensa ya 2019 iliikuta kaunti nzima na watu 268,002.

Tulizunguka Bulapesa, Kiwanjani na Kambi Garba. Nyumba za kupanga zipo. Penye matatizo ni kununua. Hapa watu wengi wanamiliki kwa barua ya ugawaji tu, na barua hizo zina tabia ya kuwa na ndugu: unayo wewe, anayo mwingine, ploti ni ile ile. Upanuzi wa uwanja wa ndege uliwahamisha watu, na madai ya ploti za fidia hayakwisha upesi. Tena Isiolo na Meru zimevutana juu ya mpaka kwa miaka mingi, kwa hiyo penginepo hujui hata ofisi ya kwenda kuuliza ni ya kaunti gani.

Muuguzi mmoja atakayefanya kazi na mke wangu alitusikia tukilalamika. "Dada," akamwambia, "kama mnatafuta mahali pa kulea watoto, njooni mwone kwetu Leparua. Kisha mtarudi mjini mkichagua vizuri."

Jumamosi tukapanda pikipiki mbili kuelekea magharibi. Mwanzoni kuna Burat, mashamba ya umwagiliaji kando ya mto, kijani kibichi. Halafu kijani kinakatika ghafla na kubaki migunga, mawe na vumbi jekundu. Tulivuka laga, mto wa msimu, iliyokauka na kujaa nyayo za mbuzi. Nilimuuliza mwenye pikipiki safari ni ya muda gani. Akasema inategemea mvua; laga ikijaa, Leparua huwa mbali kuliko Nairobi.

Leparua ni hifadhi ya jamii inayopakana na Lewa, mojawapo ya hifadhi zilizo chini ya mwavuli wa Northern Rangelands Trust (NRT), shirika la hifadhi za jamii lililoanzishwa 2004. Wamaasai, Waturkana, Wasamburu na Waborana wanaishi humo na mifugo yao, na wanyamapori wanapita. Hakuna geti linalokuambia umefika. Unaona boma, kisha boma jingine, halafu mtu anatoka kukutazama.

Aliyetupokea ni mzee mwenye fimbo, babake muuguzi wetu. Watoto wa boma walimjia wameinamisha vichwa, naye akagusa kila utosi. Wangu wakasimama wakishangaa. Muuguzi akawasukuma taratibu, wakainamisha vichwa vyao pia, na nadhani huo ndio usajili wa haraka zaidi waliowahi kupata mahali popote.

Chai ilipokwisha nikatoa orodha yangu. "Mzee, mtu akitaka ploti huku, anaanzia wapi?"

"Ploti ya nini? Una ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia sina hata mmoja. Aliwatazama watoto wangu kwa huruma ya kweli.

Kisha akaeleza, na bintiye akaongeza pale Kiswahili cha mzee kilipochoka. Malisho hayana mtu mmoja wa kuyauza. Wazee hukaa kuamua wapi pachungwe sasa na wapi paachwe kwa kiangazi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema karibu hivyo hivyo kwa lugha ya mawakili: ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe na haiuzwi, na hata baada ya kusajiliwa, kuitoa kunahitaji kauli ya thuluthi mbili ya wanachama. Kwa hiyo mtu akikuuzia ekari Leparua kwa mkono wake mwenyewe, amekuuzia karatasi.

Mke wangu hakuwa na haja na ploti. Alikuwa amekaa na mama wa boma, na maswali yake yalikuwa mengine kabisa. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, nani huja? "Wanawake wa boma huja kwanza," mama akasema. "Pikipiki baadaye. Ndovu wakiwa njiani, hata pikipiki husubiri." Na watoto wa shule? Hawatoki mpaka jua liwe juu kidogo, na hawaendi mmoja mmoja. Ndovu hawa ndio jamaa wa wale wa Timau, wanaotumia nchi hii yote kutoka mlimani hadi Samburu, na kwa mtoto wa Gredi ya 2 mwenye mfuko mgongoni sifa zao za kitalii hazisaidii kitu.

Mama hakututamanisha. Alitaja ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua ikakosa, na ng'ombe waliokufa wakiwa wamesimamishwa kwa mikono. Alitaja wizi wa mifugo. Alisema sekondari humpeleka mtoto mbali na nyumbani, apende asipende. Nilipenda ukweli wake. Kule kwetu mawakala wa ploti hukuonyesha mlima na kusahau kukwambia kisima kimekauka.

Watoto wangu walikuwa wametoweka kitambo. Kitengela ningeshika simu. Pale niliuliza, na watu watatu wakanielekeza kwa pamoja bila kugeuza kichwa: wako kwenye zizi la wanambuzi. Kila mtu mzima alijua walipo. Kwenye orodha yangu hakuna mstari wa jambo hilo, na sijui ungeliwekaje kwenye tangazo la nyumba.

Njiani kurudi niliifikiria Kitengela. Nyanda zile zilikuwa malisho ya Wamaasai, na pia uwanja wa nyumbu na pundamilia waliotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa 1946 ikiwa na kilomita za mraba 117 tu na upande wa kusini ukiachwa wazi makusudi. Ranchi ya pamoja iligawanywa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata kipande chake, na vipande vikakatwa hadi vikawa vya futi hamsini kwa mia. Kuanzia 2000 ulikuwepo mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wasiweke ua. Uliwafaa waliokuwa na ekari nyingi; kwetu sisi wa hamsini kwa mia ulikuwa umechelewa. Mimi nilinunua swali la kuweka ua likiwa limekwisha kujibiwa na wengine. Nilikuta geti, nikaliita usalama.

Jiji la kitalii likijengwa kweli, watumishi wake watatafuta Kitengela yao. Watataka hewa safi, mahali pa watoto kukimbia, na umbali unaovumilika kutoka kazini. Wataangalia magharibi. Watakuja Jumamosi wakiwa na orodha kama yangu, watu wema wenye watoto wazuri, na watauliza ploti. Thuluthi mbili ni ukuta mrefu, lakini nimeona kuta ndefu zaidi zikirukwa na watu wenye pesa na haraka.

Mzee alituaga kwa agizo. "Walete tena mvua ikinyesha. Sasa maziwa ni machache, hawajaonja kitu."

Nyumba tuliyochukua iko Bulapesa. Ina tangi kubwa juu ya paa na mwenyewe anayetaka kodi ya miezi miwili mbele. Mimi nilikagua mabomba na umeme. Mke wangu alikuwa ameshaikubali kabla sijamaliza, kwa sababu mama wa Kiborana wa mlango wa pili, godoro letu likiwa bado juu ya pikapu, alikwisha kuuliza majina ya watoto na saa wanayotoka shule.