Deni la Santuri

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaonya wafanyabiashara, lakini kijana mmoja wa Sotik aliielewa barabara siku alipopiga magoti mbele ya kitanda cha marehemu nyanya yake na kuvuta sanduku la bati lililofunikwa kwa blanketi. Ndani yake mlikuwa na santuri kumi na nane. Tatu zilikuwa za shelaki, nzito na nyeusi kama vigae vya chungu, za aina iliyozunguka mara 78 kwa dakika. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimepasuka. Zilizosalia zilikuwa ndogo, za mizunguko 45, zenye wimbo mmoja kila upande. Panya walikuwa wametafuna karatasi za katikati, na majina ya waimbaji wengi yalikuwa yametoweka. Sauti zilikuwapo, wenye sauti hawakujulikana.

Huenda msomaji akashangaa santuri zilifikaje chini ya kitanda cha mchuma chai. Jibu liko Kericho. Katika mji huo familia ya Chandarana iliendesha duka la muziki lililopanuka hata likawa pia kampuni ya kurekodi na kutoa santuri. Mashamba ya chai yalikuwa yamewakusanya watu wa jamii nyingi: Wakipsigis wenyewe, Waluo, Wakisii, Waluhya. Kila jamii ilitamani kusikia lugha yake baada ya kutwa nzima ya kuchuma majani mawili na kichipukizi. Kwa hiyo duka la Kericho lilisimama penye njia panda ya lugha, na santuri zake zilisafiri vikapuni pamoja na sukari na sabuni hadi Litein, Bomet na Sotik. Muziki wa Wakipsigis wa gitaa, ambao mmoja wa vinara wake alikuwa Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, ulipata makao katika nyumba ambazo hazikuwa na umeme wala kitabu hata kimoja. Baadaye kaseti ziliingia, zikawa rahisi kununua na rahisi zaidi kunakiliwa kwa wizi, na santuri zikasukumwa chini ya vitanda.

Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili chuoni, na kila likizo aliigeuza kuwa msimu wa kukusanya. Alipita kwa vinyozi, kwa wenye mikahawa iliyofungwa, kwa walimu wastaafu. Alinunua pia kaseti zilizorekodiwa katika harusi na katika sherehe za harambee, ambamo nusu ya sauti ni muziki na nusu ni kelele za watu, mbwa na mvua juu ya mabati. Hizo alizithamini kuliko zote, kwa kuwa santuri ya dukani ilitolewa kwa mamia, ilhali harusi ile ilichezwa mara moja tu. Alijifunza kuosha santuri kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kuzifuta kwa kitambaa cha pamba, na kuzisimamisha wima ili zisipinde. Alijifunza kwamba katika nchi ya mvua kama Sotik, adui mkubwa wa muziki ni ukungu.

Hata hivyo, mapenzi yana tabia ya kugeuka uchoyo bila mwenyewe kutambua. Mnamo 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko ulioitwa Kenya Special, uliotokana na nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zimetoka awali katika santuri ndogo kama zile za sanduku la nyanya. Watu wa ng'ambo walikuwa tayari kulipia kile ambacho Sotik ilikuwa imekitupa. Kijana alipogundua hayo alianza kuzitazama santuri zake kwa jicho jingine. Alinunua kufuli. Aliacha kuzipiga, kwa hoja kwamba kila sindano inapopita hukwangua kidogo mifereji ya sauti. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo sababu ilimfaa sana kujificha nyuma yake.

Siku moja alasiri mama mmoja alibisha hodi. Alikuwa ametoka upande wa Kaplong kwa miguu. Baada ya salamu na kikombe cha chai alieleza haja yake kwa upole. Alisikia kwamba katika sanduku la kijana mna wimbo ambao marehemu baba yake aliupiga gitaa kabla yeye hajazaliwa. Nyumbani kwao hapakuwa na picha ya mzee huyo wala sauti yake. Mama yake mzazi, aliyekuwa mkongwe sasa, aliutaja wimbo huo kila mara.

"Nimekuja tu kuusikia, mwanangu. Siutaki uwe wangu."

Kijana aliijua santuri hiyo. Ilikuwa nakala pekee aliyowahi kuiona.

"Samahani, mama," alijibu. "Imechakaa sana. Nikiipiga itaharibika."

Mama yule alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa, akashukuru kwa chai, akaenda zake. Hakulalamika, na labda angelalamika kijana angelala usingizi usiku ule.

Kilichomfungua macho hatimaye ni habari za jirani. Kapkatet si mbali na Sotik. Matatu itokayo Kericho kupitia Litein hupita hapo kabla ya kufika Kaplong. Mnamo 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akinasa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa ni zile zinazoitwa Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi nchini Marekani aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Gramafoni zilikuwa zimeifikisha sauti yake katika vilima vya Wakipsigis, na wasikilizaji wakaipokea kwa namna yao. Wanaume waliimba kuhusu Chemirocha wakipiga kinubi cha chepkong. Wasichana nao, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, waliimba wimbo wao ambamo, kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu paa, anayealikwa kucheza ngoma kwa bidii hata suruali imvuke.

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Katika majina ya Wakipsigis, silabi ya mwanzo Che- ni ya kawaida, hasa katika majina ya kike. Chemutoi mwenyewe ni mfano. Jimmie alipoingia katika lugha hiyo alivishwa vazi lililokuwa tayari limeshonwa. Ndivyo Kiswahili kilivyolitenda neno la Kiarabu kitabu: ki- yake ilisikika kama kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa vitabu, jambo ambalo Mwarabu hakulitarajia. Kutohoa neno ni kulipa uraia. Wakipsigis hawakumwiga Rodgers. Walimpa uraia, wakamwotesha kwato, wakamwalika ngomani. Santuri ya kigeni ilikuwa imefika kwao, nao wakailipa kwa wimbo mpya. Hawakuiweka sandukuni.

Lakini wimbo huo ukaondoka. Uliondoka kama majani ya chai yanavyoondoka: huchumwa hapa, husindikwa, hufungwa, na kilicho bora hunywewa mbali. Mnamo 1954 Tracey aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, Afrika Kusini. Alitoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200 uitwao Sound of Africa. Baada ya kifo chake mwaka 1977, hazina hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown na ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani waliwasikia wasichana wa Kapkatet kwa miongo mingi, huku watoto na wajukuu wa wasichana hao wakiwa hawana hata nakala moja.

Haitakuwa haki kumlaumu Tracey peke yake. Bila mashine yake, sauti zile zingekwenda na upepo. Tena aliandika: jina la Chemutoi Ketienya linajulikana leo kwa sababu lilitiwa daftarini. Wenzake, hata hivyo, walibaki kuwa wasichana wa Kipsigis tu. Hapo ndipo methali ya wahenga inaponyosha kidole. Daftari lililojazwa nusu huokoa nusu ya mali.

Katika miaka ya 2014 na 2015 maktaba hiyo, ikishirikiana na asasi ya Ketebul Music ya Nairobi inayoongozwa na Tabu Osusa, ilizirudisha rekodi hizo kwa jamii zilizozitoa, Kapkatet ikiwamo. Wazee wachache waliokumbuka ziara ya 1950 walikuwa bado hai. Walisikiliza sauti za ujana wao baada ya zaidi ya miaka sitini.

Kijana wa Sotik aliposoma habari hizo alijiuliza swali moja: ikiwa Makhanda imeweza kurudisha sauti Kapkatet, mbona Sotik imeshindwa kuirudisha Kaplong? Alikuwa amezoea kuwanung'unikia wageni waliohodhi urithi wa Waafrika, na sasa aliona kufuli kama hiyo ikining'inia chumbani mwake.

Kesho yake aliifunga santuri kwa shuka, akapakia kinanda chake kwenye bodaboda na kwenda. Mama yule alimkaribisha bila neno la lawama na kumwita mkongwe. Hapo kijana alipata adhabu yake, kwani katika miezi ile ya kusitasita masikio ya mkongwe yalikuwa yamefifia mno. Wimbo ulipoanza wajukuu walinyamaza, binti akalia, na ajuza akawa anatazama nyuso zao tu. Kisha alinyosha mkono, akaweka kiganja juu ya sanduku la kinanda. Alikaa hivyo mpaka mwisho. Akaomba urudiwe, na ukarudiwa mara nne, sindano ikikwangua itakavyo.

Alipoinua mkono alianza kusema. Alitaja jina la mumewe na la aliyepiga gitaa la pili, akaeleza chupa iliyogongwa ilikuwa ya soda gani na nani aliigonga, na msichana aliyetungiwa wimbo ule ni yupi. Yote hayo hayakuwa kwenye santuri, wala yasingekuwapo hata kama panya wasingeitafuna karatasi. Kijana alitoa daftari lake akaandika hadi giza likaingia.

Wakipsigis huhifadhi maziwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, yakaganda na kuwa mursik. Hukaa humo kwa siku nyingi, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyokolea. Hata hivyo, hakuna ajazaye kibuyu ili akitazame. Hujazwa ili mgeni akifika amiminiwe. Mwenye kukusanya sauti za watu naye ni mtunza kibuyu. Alichonacho amekikopa kwa walioimba, na deni hulipwa kwa mambo mawili: kuandika majina yao, na kufungua mlango wenye sauti wanapobisha hodi.

Kijana alitengeneza nakala za santuri zote na kuzigawa kwa jamaa aliowapata. Kufuli aliiuza. Nyimbo tano bado hazijapata wenyewe, na katika daftari lake kila moja imeachiwa ukurasa mtupu.