Matundu ya Dishi

Julai 1998 upepo wa Makambako ulikuwa umeng'oa dishi la mwenye ukumbi mmoja karibu na njia panda ya kwenda Songea. Lilikuwa dishi la bati zima, na upepo ule unaovuma usiku kucha juu ya reli ya TAZARA ulilibeba pamoja na nguzo yake. Fainali ya Kombe la Dunia ilikuwa imekaribia. Fundi niliyekuwa nikijifunza kwake, mzee wa Kibena, alipanda juu, akaangalia mabaki, akashuka na kusema tutengeneze la wavu.

"Shikamoo yako, mzee," mwenye ukumbi alimjibu, "lakini nani anachota maji kwa pakacha?"

Fundi alitoa rula. Mawimbi ya setilaiti tuliyokuwa tukiyapokea yana urefu wa sentimita 7.5 hivi, na tundu la wavu wake lilikuwa la milimita 5. Alimweleza kwa subira: wimbi likigonga waya huamsha umeme ndani yake, na umeme huo nao hurusha wimbi jipya. Nyaya zikikaa karibu karibu, kwa nafasi sawa, mawimbi hayo mapya huungana. Nyuma ya wavu hulifuta lile lililokuja. Mbele hurudi kwa pamoja kana kwamba wimbi limegonga bati. Upepo unapita, wimbi halipiti.

Usiku wa fainali baridi ilikuwa kali na upepo ulivuma vilevile. Dishi halikutikisika. Ukumbi mzima ulimwona Zidane akifunga mara mbili kwa kichwa, Ufaransa ikaishinda Brazil 3–0. Baadaye, yalipoingia madishi madogo yanayopokea mawimbi ya sentimita 2.5, watu wengine walitaka tuwawekee wavu uleule. Fundi alikataa. Tundu lilelile lililozuia wimbi refu lilikuwa kubwa mno kwa hili fupi.

Lakini kazi iliyonifunza zaidi ilikuwa Njombe, kwa mwalimu mmoja wa sekondari. Tulimfungia antena ya vijiti vya alumini, ile ambayo Yagi na Uda waliibuni Japani katika miaka ya 1920. Waya wa televisheni hufungwa kwenye kijiti kimoja tu, chenye urefu wa karibu nusu ya wimbi. Vingine havijaungwa na waya wowote. Mwalimu aliona ameuziwa mapambo, na alisema hivyo waziwazi.

Fundi hakubishana. Alifungua vijiti vya mbele kimoja kimoja huku mwalimu akitazama skrini kupitia dirishani. Chenga zikaongezeka mpaka sura ya mtangazaji ikapotea. Alipovirudisha, kila kimoja mahali pake kwa kipimo, sura ikarudi. Kisha akaeleza: cha nyuma ni kirefu kidogo, vya mbele ni vifupi kidogo, kwa hiyo umeme wa cha nyuma huchelewa na wa vya mbele huwahi. Mawimbi ambayo vijiti hivyo huyatawanya hukutana kwa pamoja kwenye kijiti chenye waya. Yanayokuja kutoka nyuma ya antena hukutana yakipingana. Ukisogeza kijiti sentimita chache, mpangilio unavurugika.

Muhula uliofuata mwalimu alimwomba fundi antena iliyochakaa, akaipeleka darasani kwa kidato cha nne, na akamkaribisha yeye mwenyewe kuja kufundisha somo la mawimbi.