Sikio na Mzigo Wake

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walinena wahenga. Aionaye hedifoni juu ya kichwa cha mwenziwe huona kitu kidogo kisicho uzito. Mwenye kuivaa tangu asubuhi hadi adhuhuri ndiye aujuaye. Saa ya kwanza haidai kitu, ya pili hubana, na ya tatu mvaaji huwa hasikilizi tena bali anavumilia. Kwa mwenye kujiburudisha kwa muziki hasara ni ndogo, kwani ataivua akapumzika. Lakini yuko mnakili wa mashairi yaliyohifadhiwa katika kanda za sauti, ambaye huurudia mshororo mmoja mara tano ili ajue kama msomaji alitamka paa wa mwituni au paa la nyumba. Herufi ni zile zile. Pumzi ndiyo ipambanuayo. Sikio lake likiuma, pumzi ile humpita, na pengine aliyeitamka hayupo tena wa kuulizwa.

Ukingo wa sikio ni gegedu iliyofunikwa kwa ngozi nyembamba. Gegedu yenyewe haina mishipa ya damu. Huipata riziki yake kutoka katika utando na ngozi iliyoizunguka. Ikibanwa kwa muda mrefu, damu hupungua pale na maumivu huanza. Ongeza mikono ya miwani inayopita nyuma ya sikio, kofia au ushungi, na joto la pwani linalolowesha mito ya ngozi kwa jasho, ndipo itadhihirika kwamba raha ya kifaa hiki si anasa.

Waundaji wa mwanzo hawakuwa na budi ya kujali zaidi kusikika kuliko starehe. Mnamo mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alikuwa akiunda hedifoni jikoni mwake, na Jeshi la Majini la nchi hiyo likazinunua. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni za stirio za kusikilizia muziki, nazo zilikuwa na vikombe vinavyolifunika sikio zima. Mageuzi yalikuja mwaka 1968, pale kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani Magharibi ilipotoa HD 414, ambayo haikuliziba sikio bali ililiegemea kwa sponji ya manjano yenye kupitisha hewa. Mwaka 1979 Sony ya Japani iliuza Walkman yake pamoja na hedifoni nyepesi za sponji, na tangu hapo watu wakazoea kutembea njiani na nyimbo zao.

Hata hivyo, utepe wa kichwani ulibakia, na utepe ni springi: haukai ila kwa kubana. Koss waliutafutia dawa mwaka 1984 katika Porta Pro, wakaweka kitufe cha kuhamishia sehemu ya mbano kwenye mfupa wa juu ya sikio. Baadaye katika KSC75 utepe uliondolewa kabisa. Kila sikio likapewa kipande chake, kinachoning'inia kwa kulabu yenye waya ndani, ambayo mvaaji huikunja kidogo kidogo hadi ikubaliane na umbo lake. Mwaka 2024 Bose nao walitoa aina ya kubana ukingo wa sikio mithili ya kipuli. Wanawake wa pwani, waliovaa vipuli na majasi vizazi kwa vizazi, wasingeshangaa kuambiwa kwamba sikio hubeba vyema kilichotundikwa kwa kipimo chake.

Ama wepesi huu nao una bei yake. Sauti nzito za besi hutaka kipaza kiwe karibu na sikio na hewa isivuje. Kulabu ikilegea, ngoma hunyauka na kubaki sauti ya juu tupu. Tena kisichoziba sikio huingiza kelele za mtaani, na mvaaji akishindana nazo huongeza sauti bila ya kujua. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango lililokitoa mwaka 2019 pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, limeweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usalama kwa mtu mzima. Kifaa kisichouma huwa rahisi kukisahau masikioni, na madhara ya sauti kubwa huja polepole wala hayatibiki.

Lakini uwazi huo huo ndio unaomfaa mnakili katika chumba kimya. Akiwa ndani ya beti bado husikia adhana, husikia hodi mlangoni, na mtu wa nyumbani akimwita huitika. Hatengwi na walio hai kwa ajili ya kuwasikiliza waliokwisha tangulia.

Basi anunuaye asiipime hedifoni kwa dakika mbili alizoivaa dukani. Na aivae pamoja na miwani yake na kofia yake, aikunje kulabu yake taratibu, apunguze sauti, kisha aihukumu saa ya tatu, akiona kama bado anaweza kumsikia msomaji anavuta pumzi kabla ya kina.